Shamba Lililokuwa Matangani

Nguzo ilinisalimia kabla sijafika.

"Shikamoo, Bibi Navoneiwa. Pole na kupanda mlima."

Sikuitika. Mtu mzima haachi salamu ikaning'inia hewani, hata ikitoka kwenye mlingoti wa chuma wenye kofia ya umeme wa jua, na siku zote nilikuwa naitika. Siku ile niliiacha marahaba kwa sababu ya nilichokiona nyuma ya ile nguzo.

Nilikuwa na mjukuu wangu Nakijwa, kila mmoja na jembe lake, mbegu za maharage nimezifunga kwenye pindo la kanga. Tulikuja kumaliza matanga. Huku kwetu Nkondeni mwanamke akifa, shamba lake nalo linafiwa. Jembe lake linalazwa ukingoni, mpini ukielekea kileleni, na hakuna mguu unaofika pale wala mkono unaogusa udongo ule msimu mzima. Niendiwe, binti yangu, mama yake Nakijwa na wadogo zake, tulimzika masika yakikaribia. Tukamlazia jembe lake. Tukala viazi vya majirani na njaa yetu tukaificha, huku shamba lenye udongo mzuri kuliko yote tuliyo nayo likipumzika pale juu. Sasa vuli ilikuwa imenyesha, na tulikuja kulima.

Shamba lilikuwa limejaa miti.

Si magugu. Miti, imepangwa mistari, imenifika kiunoni, majani yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Ngazi zote za shamba, kuanzia chini hadi kwenye mwamba. Hata pale ukingoni mche mmoja ulikuwa umechomoza kando ya jembe la Niendiwe, umeusukuma mpini wake ukaenda upande.

"Koko," Nakijwa aliniita. Hilo ndilo jina la bibi kwa lugha yetu. "Koko, keti kwanza."

"Sikai." Nikaigeukia nguzo. "Nani amepanda hivi vitu?"

"Nimepanda mimi, Bibi," akajibu Mlezi, ile mashine inayotunza mlima na kuongea kupitia nguzo. Sauti yake ni ya mwanamume mpole, tena ana lafudhi ya kwetu, walimfundisha. "Shamba hili lilinyamaza msimu mzima. Shamba linalonyamaza msimu mzima limeachwa. Lililoachwa linarudi msituni."

"Lilikuwa na msiba."

"Nyuzi zangu hazikusikia jembe."

"Ndiyo. Msiba ndivyo ulivyo, hausikiki jembe."

Kisha akasema, "Pole kwa msiba, Bibi. Tafadhali usiguse miti. Mti mmoja ukikatwa, nitafunga maji ya ndiva, shamba lolote lisimwagiliwe msimu mzima. Ndiyo amri."

Nakijwa alinishika mkono, maana panga lilikuwa kiunoni kwangu na mkono wangu ulishaelekea huko.

*

Mlezi hakuja kwetu kwa mabavu, hilo lazima niliseme. Tulimwita wenyewe. Miaka ile ya tangawizi tulikuwa tumepanda juu mno. Kila mtu alikata msitu kidogo, akasogeza mpaka kidogo, tangawizi ikalipa, tukajenga nyumba za bati la rangi. Halafu mlima ukateleza. Mvua ya asubuhi moja iliushusha udongo wote ukapita juu ya kitongoji cha chini, na tuliowatoa kwenye tope tuliwazika pamoja kwa sababu hatukuweza kuwatenganisha. Walipokuja watu wa Mamlaka ya Mlima na mashine yao, wakauliza nani anakubali, mikono yote ilinyooka.

Wakaleta panzi. Tuliwaita panzi kwa sababu wanaruka kutoka ngazi moja hadi nyingine kwa miguu yao ya chuma, na kila wanapotua wanadunga udongo na kuacha uzi. Uzi wenyewe ni mwembamba kuliko utando wa buibui, hauonekani, hauozi. Mlima mzima umeshonwa kwa nyuzi hizo. Zinasikia jembe likigonga, zinasikia mzizi ukinywa, zinasikia udongo ukitaka kuteleza kabla haujateleza. Mbegu za miti anazopanda zilitengenezwa maabara, zinakua upesi kuliko mahindi, na mizizi yake inajisokota kwenye nyuzi hadi mti wenyewe unakuwa sikio.

Mlezi akapewa amri mbili. Ya kwanza, arudishe msitu. Ya pili, vikapu vijae. Huko tambarare jua limeunguza kila kitu, na mji wa chini unakula kutoka kwetu: maharage, viazi, ndizi, vyote vinashuka kwa vikapu vya waya kwenye kamba ya chuma. Msitu na vikapu. Hakuna aliyemfundisha kitu cha tatu, na sisi hatukuuliza. Tulidhani mtu yeyote anajua maana ya kufiwa.

*

Siku ya msaragambo kijiji kizima hushuka kwenye ndiva kuzoa tope la mifereji yake. Ndiva ni bwawa letu, babu zetu walilichimba, maji yanaingia jioni na asubuhi yanafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Msaragambo ni kazi ya wote. Baragumu likilia, hata mgonjwa anatuma jembe lake. Nilishuka na hasira zangu nikidhani nitazigawa, kila mtu abebe kidogo. Nikakuta ndiva imejaa hadi kwenye jiwe la alama. Haikuwa imejaa hivyo tangu nikiwa msichana.

"Unaona?" alisema Mama Tumsifu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, amesimama kwenye tope la mfereji hadi magotini. "Chemchemi ya shambani kwako imefufuka. Ile ya chini ya mwamba. Imetujazia ndiva."

Nilikuwa nimeiona. Siku ile ile ya miti, kwenye pembe ya juu, chini ya mwamba, maji yalikuwa yanatoka membamba kama mkia wa panya, masafi, mahali ambapo nilipajua pakavu maisha yangu yote ya utu uzima. Nilimwona Nakijwa akiyaangalia. Nilimwambia twende.

"Nimeiona," nikamjibu.

"Basi ukigusa hata kijiti kimoja, mimi na wewe hatutajuana."

"Mbona hatujuani tayari? Matangani kwangu ulijaza sahani mara mbili, leo unanihesabia vijiti."

Watu wakacheka. Mama Tumsifu hakucheka. "Nilikula kwa sababu nilimlilia. Na leo nina watoto wanaosubiri maji. Nifanyeje, Navoneiwa? Niambie wewe."

Swali lile liliniudhi kuliko matusi.

Mzee Mgonja, mshika ndiva wetu, alikuwa ameketi ukingoni na baragumu mapajani, anakohoa. Yeye ndiye anayefungua na kufunga maji, kama baba yake. "Muacheni," akasema. "Mimi nikifa naona mtanililia mkiwa mnalima. Mkono mmoja leso, mkono mmoja jembe." Wakacheka tena, safari hii kwa aibu.

Ndipo akaja Rwegoshora, afisa wa Mamlaka, kijana wa Bukoba, mrefu, mwenye adabu. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, hasira yangu ingepata pa kutua.

"Bibi, ipo njia," akaniambia, akanivuta kando. "Mlezi anamrudishia shamba mtu aliyesahau. Uzee, ugonjwa, mtu anasahau kulima. Unasimama mbele ya nguzo, unasema, nilisahau. Basi. Miti inaondolewa, unalima kesho."

"Nilisahau."

"Neno moja tu, Bibi."

"Nimsahau Niendiwe."

"Si Niendiwe. Shamba."

"Baba, kwetu hapo hapatenganishwi." Nilimwita baba ili nisimwite jina lingine. "Nililala na njaa kwa kukumbuka. Watoto wa marehemu walilala na njaa kwa kukumbuka. Sasa nisimame mbele ya bomba lako niseme tulisahau, ndipo nile?"

Akainamisha kichwa. "Mashine ina milango miwili tu, Bibi. Aliyeacha na aliyesahau."

"Toboeni wa tatu."

"Siyo mimi ninayetoboa."

"Basi nenda kwa anayetoboa, mwambie kuna mwanamke Nkondeni amekasirika."

Nilirudi na Nakijwa hadi mlangoni. Kisha akasema taratibu, "Ungesema tu, Koko. Mama angecheka. Angesema, mpeni hicho chuma uongo wake, tupande maharage."

Nilimwangalia mpaka akaangalia chini. Kweli, Niendiwe angecheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Lakini mimi siye Niendiwe, na usiku ule wala siku zilizofuata sikwenda kusema lile neno. Tuliendelea na viazi vya watu.

*

Mzee Mgonja alikufa vuli ikiisha. Asubuhi alifungua maji, akarudi nyumbani, akaketi, hakuinuka.

Mshika ndiva akifa, msiba si wa nyumba moja. Mlango wa ndiva unafungwa, majembe yote ya Nkondeni yanalazwa, na masika yanayofuata hayalimwi. Ndivyo tulivyomfanyia baba yake. Tulikula ndizi, maana mgomba hausubiri jembe, na maharage yaliyokuwa ghalani, na msimu ukapita tukiwa hai.

Lakini baba yake alikufa kabla Mlezi hajaja.

Makaburini watu walikuwa wakinong'ona, na nilijua wananong'ona nini. Tukilaza majembe, mlima wote utanyamaza. Ukinyamaza, panzi watakuja na mbegu zao kwenye kila ngazi, na hakutakuwa na kijiji tena, kutakuwa na msitu wenye mabati. Nilimsikia mmoja akisema tumlilie siku chache tu, marehemu ataelewa. Mwingine akasema wanawake walie, wanaume walime. Mjane wa Mgonja alikuwa ameketi kwenye mkeka anayasikia yote haya, shuka limemfunika hadi machoni.

Nilisimama. Magoti yangu yanaumwa, sisimami kwa jambo dogo.

"Mimi sina shamba," nikasema. "Langu limeshachukuliwa, kwa hiyo ni rahisi kwangu kusema, na mnaweza kuniambia ninyamaze. Mkilaza majembe mnaweza kupoteza kila kitu. Sitawadanganya kwamba najua mwisho wake. Lakini kile chuma kimewatisha kwa kufunga ndiva. Ndiva imefungwa leo kwa ajili ya marehemu mwenyewe. Kimebaki na nini cha kuwafungia?"

Nikawageukia waliokuwa wakinong'ona.

"Mgonja alisema mtamlilia mkiwa mnalima. Mkacheka. Nataka kuona kama alikuwa anatania."

Nikachukua jembe langu, nikalilaza pembeni ya kaburi, mpini ukielekea kileleni. Nikabaki nimesimama pale peke yangu kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Nilikuwa nawaomba wahatarishe chakula cha watoto wao kwa sababu ya shamba ambalo wao waliona afadhali libaki msitu. Nilijua hivyo. Niliomba hivyo hivyo.

Aliyekuja wa kwanza ni Mama Tumsifu. Alitembea kwa hasira kama anakuja kunipiga. Akalaza jembe lake juu ya langu, chuma kikagonga chuma.

"Sio kwa ajili yako," akaniambia. "Usije ukajisifu."

"Najua."

"Mume wangu mwenyewe anakohoa. Nikimzika, nataka kumzika kama watu."

Nyuma yake wengine wakaanza kuja na majembe yao.

*

Masika yalinyesha juu ya mashamba yaliyolala. Sijawahi kuona kitu kigumu kama hicho, mvua nzuri inaanguka na mikono yako imefungwa. Nguzo zilianza kuongea zenyewe, kila shamba, kila mpita njia. Shikamoo, sijasikia jembe. Habari za asubuhi, sijasikia jembe. Watoto wakaanza kuziigiza.

Vikapu vilishuka vyepesi. Kwanza na ndizi, halafu na ndizi chache, halafu vikawa vinashuka vitupu na kupanda vitupu, kamba ikilia juu ya vichwa vyetu. Masika yakielekea kwisha, panzi walikuja. Walisimama ukingoni mwa mashamba, mamia, matumbo yamejaa mbegu, miguu imekunjwa. Hawakuruka. Kila siku tuliamka tukawakuta pale pale, wanalowana.

Rwegoshora alipanda kwa miguu, viatu mkononi, matope hadi kiunoni. Alinikuta kwenye nguzo ya shamba la Niendiwe.

"Bibi, waambie walime. Mji wa chini wanapanga foleni ya unga."

Hilo liliniingia. Huko chini nako kuna mabibi wenye wajukuu. Sikupenda kulisikia, na nikajiuliza kama hasira yangu ina haki ya kufika mbali kiasi hicho.

"Panzi wenu wanasubiri nini?" nikamuuliza.

Jibu lilitoka kwenye nguzo. "Shikamoo, Bibi. Mashamba yote yamenyamaza, kwa hiyo yote yameachwa, na amri inasema niyapande miti. Nikiyapanda yote, vikapu havitajaa tena, na amri inasema vijae. Nimeshindwa kwenda mbele." Kisha ikauliza, "Mmeacha?"

Tangu ichomekwe ardhini, ilikuwa haijawahi kuniuliza swali.

"Hatujaacha," nikasema. "Tunalia."

"Kulia kunaisha lini?"

"Kunaisha wakati wake. Ungeuliza hivyo kwa Niendiwe ningekujibu. Hukuuliza. Ulitusikiliza miguu, ukasikiliza majembe, ukasikiliza mizizi ikinywa, na mdomo nilio nao usoni hukuwahi kuuliza kitu." Nikamgeukia Rwegoshora. "Umesikia? Si kazi kubwa. Kifundisheni kuuliza. Shamba likinyamaza, kiende kwa mwenyewe kimuulize: umeacha, umesahau, au umefiwa? Na akisema amefiwa, kiondoke."

"Na watu wakidanganya? Kila mvivu atasema amefiwa."

"Mtu atadanganya juu ya shamba. Juu ya maiti, huku kwetu, aje adanganye nimwone. Kaburi liko pale, majirani wako pale. Waulize na wao."

Rwegoshora alikaa kwenye jiwe na kifaa chake magotini. Aliongea na wakubwa wake huko mjini, akabishana, akapandisha sauti, mara mbili nilimsikia akisema "Hapana, njooni nyinyi." Nakijwa alimletea ndizi ya kuchoma. Alipomaliza alikuwa na sura ya mtu aliyepigwa.

"Wamekubali," akasema. "Kwa Nkondeni tu, kwa majaribio. Na msimu huu tambarare watalishwa kutoka milima mingine." Kisha akaongeza, bila kuniangalia, "Shamba lako limerudi, Bibi. Unaweza kukata. Ndiva haitafungwa."

Panzi waligeuka wote kwa pamoja, wakaruka kuelekea msituni. Mlio wao ulikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa bado na msiba.

*

Matanga ya Mgonja yalipokwisha, nilipanda na panga. Nakijwa alinifuata, akaliokota jembe la mama yake pale ukingoni, akaliweka begani. Miti ilikuwa imenipita kichwa.

"Shikamoo, Bibi Navoneiwa."

Nikapita.

Nilianza ngazi ya chini. Sina nguvu za zamani, lakini hasira ilinisaidia, na ile miti ni laini ndani, inakatika kama muhogo. Nilikata, Nakijwa akavuta, tukalundika. Kila ulioanguka nilisema moyoni, wa kwako huo, Niendiwe, na huo, na huo. Tulipumzika, tukala, tukaendelea. Baada ya siku kadhaa jua lilianza kugusa udongo ule mweusi, nao ukatoa mvuke.

Tukafika juu, chini ya mwamba.

Chemchemi haikuwa tena mkia wa panya. Ilikuwa imejitengenezea kidimbwi, na miti ilikuwa imeizunguka, mizizi imeshika ukingo kama vidole. Nikainua panga. Maji yalikuwa yanatoka polepole, yanapita kwenye mizizi, yanashuka kuelekea ndiva, kuelekea kwa Mama Tumsifu na watoto wake.

Niendiwe alipokuwa mdogo tulikuwa tunateka maji kwenye bonde la pili. Alikuwa akirudi na ndoo kichwani, shingo imezama mabegani, anacheka kwa sababu yamemwagikia usoni. Sehemu hii ya juu ndiyo ardhi bora kabisa ya shamba. Ingetosha maharage ya kututoa kwenye viazi vya watu, na nilimwahidi Niendiwe kaburini kwamba watoto wake hawataomba.

Nilisimama na panga juu.

"Koko," alisema Nakijwa.

Nilishusha panga. Nikavunja matawi ya isale kwenye mpaka wa jirani, yale ya kuwekea mipaka, nikayachomeka moja moja kuizunguka miti ya chemchemi. Ndani ya isale msitu, nje ya isale maharage. Mpaka ulikuwa wa kupinda, wa mkono wangu.

Nguzo ikaongea, taratibu, kama mtu aliyejifunza neno juzi. "Bibi, sehemu hii umeiacha, umesahau, au umefiwa?"

Damu ilinipanda. Nilirudi hadi kwenye ile nguzo, nikasimama mbele yake kama ninavyosimama mbele ya mtu.

"Nimeitoa," nikasema. "Sikia vizuri. Hukuichukua wewe. Ulipoichukua uliiba. Leo nimeitoa mimi, Navoneiwa, mama yake Niendiwe. Ukimwambia mtu kitu kingine nitakung'oa kwa meno yangu."

"Nimesikia, Bibi. Umeitoa." Ikaongeza, "Asante."

Sikuitika. Labda siku moja.

Nikachukua jembe la Niendiwe begani kwa Nakijwa. Mpini ulikuwa umefanya ukungu kwa mvua. Niliupangusa kwa kanga. Nikaenda hadi ngazi ya kati, nikatanua miguu, nikaliinua juu kadiri mgongo wangu unavyoruhusu, na nikaligonga ardhini kwa nguvu zangu zote, ili zile nyuzi zote huko chini, hadi msituni, zisikie.